Stesheni ya Orsay: Jumba Hukumbusha Nini?

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni kauli ya kutendesha ya kumbuka. Kwa hiyo jumba la makumbusho si ghala la vitu vya kale tu, bali ni jumba linalomfanya mtu akumbuke. Tukikubali maana hiyo, yafaa tuulize: stesheni ya reli ikigeuzwa makumbusho, humkumbusha mtu nini? Stesheni ya Orsay, mjini Paris, yatupa mfano wa kutafakari.

Stesheni hiyo ilibuniwa na msanifu Victor Laloux, ikafunguliwa mwaka 1900, wakati wa Maonyesho ya Ulimwengu. Kiwanja chake kilikuwa cha jumba la serikali lililoteketezwa mwaka 1871, katika maasi ya Komuni. Treni zake zilivutwa kwa umeme tangu mwanzo; kwa kuwa hazikutoa moshi, reli iliweza kupitishwa chini ya ardhi kutoka stesheni ya Austerlitz hadi katikati ya mji.

Hata hivyo, treni zilizidi kurefuka na majukwaa yakabaki mafupi. Kuanzia mwaka 1939 zilibaki safari za vitongojini tu. Mwaka 1945 jengo lilitumiwa kuwapokea mateka wa vita na watu waliorudi kutoka kambi za Wanazi. Baadaye ilikusudiwa libomolewe ili hoteli mpya ijengwe mahali pake. Lililoliokoa ni uchungu wa hasara nyingine: masoko ya Les Halles yalianza kubomolewa mwaka 1971, na wengi wakajuta. Mwaka 1977 serikali iliamua kuanzisha makumbusho pale. Mwaka 1978 jengo likaorodheshwa kuwa la kihistoria. Na Desemba 1986 makumbusho yakafunguliwa, yakihifadhi hasa sanaa ya tangu 1848 hadi 1914.

Leo mgeni huitazama michoro ya Manet na Van Gogh, na saa kubwa ya stesheni ingalipo ukutani. Lakini mwaka 1945 uko nje ya mipaka ya makusanyo hayo. Hapa ndipo tunapoona kuwa kuhifadhi na kukumbusha ni mambo mawili: kuta zaweza kudumu, ilhali waliopita ndani yake wasitajwe sana. Basi wanaokusudia kuokoa stesheni kuukuu, popote pale, hawana budi kujiuliza mapema ni kumbukumbu ya nani itakayowekwa ndani.