Kotleti Iliyotikisa Serikali ya Poland

Wasee, ukiangalia msosi wa Poland kwa video utadhani ni watu wa kushiba tu bila presha. Sahani kubwa, nyama, viazi, kabichi iliyochachushwa. Kuna bigos, kabichi na nyama za aina kadhaa zikipikwa polepole kwa masaa, na wengi watakuambia huwa tamu zaidi ukiipasha kesho yake. Halafu kuna mfalme wa Jumapili, kotlet schabowy. Unachukua nyama ya nguruwe ya mgongoni, unaiponda mpaka iwe nyembamba, unaipitisha kwa unga, yai na chenga za mkate, kisha unaikaanga. Pembeni unaweka viazi vya kuchemsha na kachumbari ya matango.

Hiyo kotleti ndio nataka tuongelee leo, juu imebeba siasa nzito.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Poland ilitawaliwa na chama cha kikomunisti. Chama kilisema nchi ni ya wafanyakazi, na serikali ndio ilikuwa inapanga bei ya chakula. Kwa hivyo mfanyakazi alikuwa na njia rahisi ya kupima hiyo ahadi: Jumapili mezani kuna nyama ama hakuna?

Desemba 1970, wiki mbili hivi kabla ya Krismasi, serikali ilipandisha bei ya chakula, nyama ikiwemo. Wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza meli huko Gdańsk wakaingia barabarani, na miji mingine ya pwani ikafuata. Jeshi likawapiga risasi. Zaidi ya watu 40 waliuawa. Kiongozi wa chama, Władysław Gomułka, akang'oka mwezi huo huo. Mwaka 1976 serikali ikajaribu tena kupandisha bei, watu wakagoma, ikarudi nyuma haraka.

Halafu ikaja Julai 1980. Katika kiwanda cha helikopta cha Świdnik, bei ya kotleti kwenye kantini ilipanda kutoka zloti 10.20 hadi 18.10. Karibu mara mbili! Watu wakazima mashine. Mgomo ukasambaa hadi mji jirani wa Lublin, wafanyakazi wa reli nao wakagoma. Agosti ikawa zamu ya Gdańsk tena, wakiongozwa na fundi umeme Lech Wałęsa. Hapo ndipo Solidarność ilizaliwa, chama cha wafanyakazi kilichofikisha wanachama karibu milioni 10.

Kuna watu husema maandamano ya bei ya chakula ni mambo ya tumbo tu. Mimi nakataa. Soma madai 21 ya Gdańsk. Wagomaji hawakusema tu "tupeni nyama zaidi." Waliomba nyama igawanywe kwa kadi mpaka soko litulie, na pia marupurupu ya polisi na wakubwa wa chama yafutwe, pamoja na maduka yao maalum. Yaani walikuwa tayari kula kidogo, bora kila mtu ale kidogo. Kilichowachoma ni kuambiwa wakaze mshipi na mtu ambaye friji yake imejaa.

Kadi za nyama zilikuja 1981. Desemba mwaka huo utawala wa kijeshi ukatangazwa na Solidarność ikapigwa marufuku baadaye. Lakini watu hawakusahau. Juni 1989, kwenye uchaguzi, Solidarność ilishinda karibu viti vyote ilivyoruhusiwa kugombea, na mwaka huo huo kadi za nyama zikaisha.

Leo schabowy ni chakula cha kawaida tu, inauzwa hadi kwenye vibanda vya kando ya barabara kuu. Vijana wa Poland wanaila bila kufikiria kadi wala foleni. Na hiyo ni sawa, ndio maana wazazi wao walipigana. Lakini serikali yoyote inayodhani bei ya chakula ni hesabu tu ya wizara ya fedha ingefaa ikumbuke Świdnik. Watu wanaweza kuvumilia njaa kuliko unavyodhani. Kuchezewa ndio hawavumilii.