Tufani Iliyobaki Katika Mawe

Leo twasafiri mpaka Marekani, katika jimbo la Utah. Huko liko genge refu liitwalo Book Cliffs. Nchi ile ni kavu, tena iko mbali na bahari, lakini mawe mengi ya genge hilo ni mchanga na matope ya baharini.

Yapata miaka milioni 80 iliyopita, bahari isiyo na kina kirefu ilikata Amerika ya Kaskazini katikati, na pwani yake ya magharibi ilikuwa hapo Utah.

Sikilizeni vizuri. Ninyi mliozoea pwani mwajua kwamba mawimbi ya kila siku hayafiki chini sana. Mzamiaji akishuka huona maji yametulia. Basi siku za shwari, mbali kidogo na ufuko, matope laini hutua polepole. Siku ya tufani mambo ni mengine. Mawimbi makubwa hufika chini, huyakwangua matope, na mchanga wa ufukoni huchukuliwa mpaka kule. Mawimbi yakienda na kurudi huufanya mchanga ule kuwa vilima na vibonde vipana, ambavyo kimo chake mara nyingi hakifiki goti. Tufani ikiisha, matope huanza kutua tena, na minyoo hutoboa mchanga.

Kwa hiyo genge lasomwa toka chini kwenda juu: tope, mchanga, tope, mchanga. Mimi hushangaa kwamba mchanga mnene huweza kuwa kazi ya siku chache, na tope jembamba likawa la miaka mingi!

Mwaka 1975 J. C. Harms na wenzake waliupa mpangilio huo wa vilima jina la kitaalamu. Mabishano hayakuisha: je, ni mawimbi peke yake, au mkondo nao ulisaidia?

Juu ya mchanga wa ufuko mara nyingi hulala makaa ya mawe, kwani nyuma yake palikuwa na vinamasi vyenye miti. Watu waliyachimba kwa hatari. Mwaka 1924 mlipuko katika mgodi wa Castle Gate uliua watu 172.

Sasa fungueni madaftari. Choreni matabaka manne, kisha mjibu: kwa nini upande wa chini wa kila tabaka la mchanga huonekana kama umekatwa kwa kisu?