Risasi Iliyoifaa Nyika ya Meru

Katika maandishi mengi yanayohusu uwindaji kwenye nchi inayouzunguka Mlima Meru, kuanzia Momella upande wa mashariki hadi tambarare za Kisongo na Monduli upande wa magharibi, bunduki hutajwa kwa fahari na risasi hupitwa kimya, ingawa ni risasi iliyoamua mnyama gani angeweza kuangushwa, na bei yake pamoja na sheria zake ndizo zilizoamua nani angeruhusiwa kumwangusha. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda na kuwaka inapogongwa, baruti iliyojazwa ndani, na kichwa kinachoruka. Kipenyo cha kichwa hicho, yaani kaliba, Wajerumani walikipima kwa milimita, ilhali Waingereza na Wamarekani walikipima kwa sehemu za inchi.

Bunduki ya wenzo, ambayo mpigaji huijaza upya kwa kusukuma chini na kurudisha juu kipini cha chuma kinachozunguka kifyatulio, iliingia nchi hii mapema kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, mizigo yake ilikuwa na bunduki ya Winchester na ya Henry za namna hiyo. Risasi za bunduki hizo zilikuwa za kaliba .44, zenye kichwa cha gramu 13 hivi kilichotoka mtutuni kwa mwendo usiozidi sana mita 340 kwa sekunde, na Stanley mwenyewe alieleza jinsi viboko wa mto Kingani walivyoguswa tu na risasi hizo bila kudhurika, hata akalazimika kushika bunduki nzito zaidi.

Udhaifu huo haukutokana na uzembe wa mafundi, bali na umbo la bunduki yenyewe. Katika nyingi za aina hiyo risasi hupangwa mstari mmoja ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikiegemea fataki ya iliyo mbele yake, na kwa sababu hiyo kichwa chenye ncha kali kingeweza kuigonga fataki na kulipua akiba yote mkononi mwa mwindaji. Ndiyo maana vichwa vilifanywa butu, navyo vichwa butu hupoteza kasi upesi hewani. Risasi ya .30-30, iliyotolewa na Winchester mwaka 1895 ikiwa na baruti isiyotoa moshi mwingi, ilikubali masharti hayo na ikapendwa mno Marekani, ambako kulungu wa mkia mweupe hupigwa msituni kwa umbali mfupi, na ni nadra uzito wake kuzidi kilo 150. Nyikani magharibi ya Meru hali ni nyingine kabisa: pofu dume huweza kupita kilo 700, na nyati akijeruhiwa hugeuka kumtafuta aliyemjeruhi.

Jaribio kubwa la kuipatia bunduki ya wenzo risasi ya Afrika lilikuwa Winchester ya mwaka 1895, iliyobuniwa na John Browning, ambayo iliacha bomba na kuweka risasi katika kisanduku chini ya mtambo, hivyo ikaweza kupokea risasi ndefu na zenye nguvu zaidi. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliileta Mombasa mwezi Aprili 1909 ikiwa na risasi ya .405, yenye kichwa cha gramu 19 na zaidi, akaisifu sana kwa simba. Hata hivyo alikuwa pia na bunduki nzito ya Kiingereza ya mitutu miwili, na mtu mwenye hazina kama yake hakulazimika kuchagua risasi moja tu.

Aliyelazimika kuchagua ni mlowezi. Boma la Wajerumani la Arusha lilikuwa limejengwa mwanzoni mwa karne kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, na kuanzia mwaka 1905 hivi Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walianza kupewa mashamba chini ya mlima, wakifuatwa na Wajerumani. Mwaka 1905 huohuo fundi wa Berlin, Otto Bock, alitoa risasi ya milimita 9.3 yenye ganda la urefu wa milimita 62, iliyokadiriwa kutoshea mtambo wa kawaida wa Mauser wa mwaka 1898, yaani bunduki ya komeo iliyotengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo mkulima aliimudu. Kichwa chake cha gramu 18.5 kilitembea kwa mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde, kikapenya kwa kina bila kumvunja bega mpigaji, na bunduki moja ikatosha kwa swala wa kitoweo na kwa nyati aliyeingia shambani. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya risasi za nchi hii, kwa sababu ulianzia kwenye mnyama na mfuko wa mnunuzi.

Lakini busara hiyo haikuwa ya wote. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, ukaacha mlango mwembamba kwa gobori, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kisha amri ya uwindaji ya gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 ikaweka leseni na kutenga hifadhi za wanyama, mojawapo ikiwa magharibi ya Kilimanjaro. Wamaasai wa Kisongo, ambao kwa desturi hawakula nyama ya porini isipokuwa pofu na nyati waliohesabiwa kuwa jirani wa ng'ombe, waliendelea na mkuki, na jirani zao waliowinda kwa mishale yenye sumu ya miti wakawa wavunja sheria katika ardhi ya baba zao. Hata askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, wengi wao walibeba bunduki ya mwaka 1871 ya milimita 11, ambayo baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi kila risasi ilipofyatuliwa na kumwonyesha adui mahali alipolala mpigaji. Walowezi waliopigana na Waingereza huko Longido mwezi Novemba mwaka huo walikuwa na silaha zisizowasaliti hivyo.

Baada ya Wajerumani kushindwa, desturi ya Waingereza ilishika nafasi, na risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa London mwaka 1912, ikawa kipimo cha wanyama wa hatari. Tanzania ilifunga uwindaji wa kitalii mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO, lakini kipimo cha .375 kiliendelea kuwa kiwango cha chini kwa nyati, simba na tembo. Kwa hesabu hiyo risasi ya Bock, ambayo kichwa chake kina kipenyo cha inchi .366, inapungukiwa na karibu robo ya milimita, na mwindaji aliyeileta Arusha hakuruhusiwa kuitumia kwa wanyama hao watatu.