Shimanouchi na Heshima ya Jedwali

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya kupandisha wahadhiri vyeo. Mbele yetu lilikuwapo faili la mwenzetu mmoja, mkemia, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akipima floridi katika maji ya visima vya vijiji vya kaskazini, huko ambako meno ya watoto hubadilika rangi kabla hawajamaliza shule ya msingi. Makala alizochapisha zilikuwa mbili tu. Alichokuwa nacho kwa wingi ni jedwali: kisima, tarehe, kina, kiwango. Mjumbe mmoja akauliza, "Hili nalo ni utafiti?" Kanuni zetu hazikuwa na alama za jedwali. Faili likafungwa, nami, nakiri, sikutia neno.

Mimi si mkemia, nafundisha historia. Lakini mwenzetu huyo hakuninunia. Siku moja, tukinywa chai, alinitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia, Takehiko Shimanouchi, akaniambia, "Kasome habari za huyu, halafu urudi tuzungumze." Nikasoma.

Shimanouchi alikuwa mkemia wa Kijapani, na maisha yake ya kazi aliyatumia kuchunguza jinsi molekuli zinavyotetemeka. Neno hilo lisimtishe msomaji. Molekuli ni atomu zilizoshikamana, na viungo vinavyozishikanisha hunyumbuka mfano wa springi. Waya wa gambusi ukiukaza, sauti hupanda. Ukiweka waya mzito zaidi, sauti hushuka. Atomu nazo ni hivyo hivyo: kiungo kigumu hutetemeka upesi, atomu nzito hutetemeka polepole. Mitetemo hiyo hatuisikii kwa masikio, ila huacha alama katika mwanga. Miale ya infraredi ikipita ndani ya kitu, baadhi yake humezwa pale inapolingana na mtetemo. Na mwaka 1928, mjini Kolkata, C. V. Raman alionyesha kuwa hata mwanga unaotawanywa na kimiminika hubadilika rangi kidogo kwa kadiri ya mitetemo iliyomo. Kuanzia hapo mkemia alikuwa na njia mbili za kuisikiliza molekuli.

Mwalimu wa Shimanouchi, San-ichiro Mizushima wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliishika njia ya Raman mapema. Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba atomu mbili za kaboni zilizoungana kwa kiungo kimoja huzunguka kwa uhuru, kama magurudumu katika ekseli. Mwaka 1934 Mizushima na wenzake walichunguza dikloroethani, wakaona kwamba katika hali ya kimiminika ina mistari mingi kuliko ambayo umbo moja lingeweza kuitoa. Walipoigandisha, baadhi ya mistari ikatoweka. Maelezo yake yalikuwa kwamba molekuli haizunguki ovyo. Hutulia katika maumbo maalumu, na katika barafu yake hubaki umbo moja tu, lile la klorini mbili kuelekeana kinyume. Umbo la pili waliliita gauche, kwa neno la Kifaransa. Leo kila mwanafunzi wa kemia hulitamka neno hilo, na wachache hujua kwamba lilienezwa na maabara ya Tokyo.

Kazi ya Shimanouchi ilianzia hapo, nayo ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Kuona mistari ni jambo moja. Kusema kila mstari ni mtetemo wa atomu zipi ni jambo jingine. Hebu fikiri umesimama nje ya ukuta, ndani bendi inapiga, nawe unatakiwa kutaja kila waya umekazwa kiasi gani. Molekuli yenye atomu 12 isiyo mstari mnyoofu ina mitetemo 30, na nguvu zisizojulikana huwa nyingi kuliko masafa yaliyopimwa. Mwaka 1931 Wamarekani Urey na Bradley walikuwa wamependekeza kwamba mbali na springi za viungo, izingatiwe pia namna atomu jirani zisizoungana zinavyosukumana. Mwaka 1949 Shimanouchi aliichukua rai hiyo akaipanua hadi ikafaa kwa molekuli za aina nyingi. Uzuri wa njia yake ni kwamba nguvu iliyopatikana katika molekuli ndogo iliweza kuazimwa na kutumiwa katika molekuli kubwa.

Mwaka huohuo, yeye na Mizushima walichapisha makala kuhusu minyororo ya kaboni ya parafini. Walieleza mtetemo ambao mnyororo mzima hurefuka na kufupika kama akodiani, chombo tukijuacho vema kutoka taarabu. Kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo mtetemo unavyopungua kasi. Kwa hiyo ukipima masafa unajua urefu. Miaka ya baadaye wachunguzi wa polima waliutumia mtetemo huo kupima unene wa fuwele ndani ya polietilini, plastiki ile ile ya mifuko tuliyoipiga marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Shimanouchi mwenyewe aliingia katika polima pamoja na Miyazawa na Tasumi. Mwaka 1958 yeye, Miyazawa na Mizushima waliichambua mitetemo ya molekuli ndogo yenye kiungo kama kile kinachojirudia katika kila protini, na kutoka hapo wengine wakajifunza kuisoma protini kwa infraredi.

Wapo watakaoisoma habari hii kama hadithi ya taifa lililoanguka likainuka kwa bidii tupu. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba mwaka 1949 Japani ilikuwa ingali chini ya majeshi ya washindi, na mahesabu hayo yalifanywa bila kompyuta. Lakini Chuo Kikuu cha Tokyo kilikuwapo tangu 1877, na Mizushima alikuwa amekwenda Leipzig kufanya kazi kwa Debye kabla ya vita. Vita viliteketeza nyumba. Desturi ya maabara, mwalimu akimrithisha mwanafunzi, haikuteketea. Tunapowaambia vijana wetu "Japani nayo ilikuwa maskini", tunawaficha nusu ya habari.

Sasa nifike kwenye jedwali, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1963 Marekani ilianzisha mfumo wa kitaifa wa takwimu rejea za kisayansi, na mwaka 1968 Bunge lake likautungia sheria, kwa hoja kwamba namba zinazoaminika ni mali ya umma kama ilivyo mizani. Katika mfululizo wa mfumo huo, Shimanouchi alichapisha majedwali ya masafa ya mitetemo, na mwaka 1972 yakakusanywa katika juzuu moja lenye molekuli zaidi ya 200. Taifa lililoikalia nchi yake ndilo lililompigia chapa. Namba hizo bado zinatolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Kilichonisimamisha si wingi wake, bali safu nyembamba pembeni ya kila namba. Humo kuna herufi. A maana yake kosa halizidi 1 kwa sentimita, ambacho ndicho kipimo cha masafa haya. B ni kati ya 1 na 3, C hadi 6, D hadi 15, na E kati ya 15 na 30. Mtu huyu, aliyekuwa bingwa wa fani yake, alikaa na mamia ya namba, na mbele ya kila moja akatamka hadharani kiasi cha shaka yake. Ndugu zangu mlio serikalini, nitajieni ripoti moja mliyoandaa, ya mavuno, ya maji, ya uandikishaji wa shule, ambayo pembeni mwa namba iliandikwa E. Nami nijiulize ni lini niliwahi kumpa mwanafunzi alama za juu kwa sababu alisema hana hakika.

Mwaka 1977 majina ya Shimanouchi na Tasumi yalikuwamo miongoni mwa waandishi wa makala iliyoeleza hazina ya pamoja ya maumbo ya protini, ambayo leo watengenezaji wa dawa duniani kote huichota. Hilo nalo lilikuwa jedwali.

Nilirudi kwa mwenzangu kama alivyoniagiza. Alikwisha kustaafu, na cheo kile hakukipata. Nilimwomba radhi kwa kimya changu siku ile, kisha nikamwomba ruhusa ya kunakili madaftari yake manne ili yawekwe mahali ambapo mhandisi wa maji wa wilaya anaweza kuyafikia. Alikubali, ila si mara moja. Kuna visima viwili, alisema, ambavyo vipimo vyake vya mwaka mmoja wa mvua nyingi havimtulizi moyo, na anataka kwanza avirudie.