Mafuta ya Ng'ambo Katika Mwambao wa Rumonge

Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika uliojaaliwa mawese na ndagaa tele, ulianza kufungamana na mafuta ya kigeni katika miaka ya 1950, wakati wavuvi walipounganisha mitumbwi, wakatundika karabai juu ya maji katika usiku usio na mwezi, na riziki yao ikategemea mafuta ya taa yatokayo ng'ambo. Katika miaka ya 1980 kampuni ya mafuta ya Amoco ilichimba visima vya utafutaji katika bonde la Rusizi, kaskazini mwa ziwa hilo, walakini haikupata mafuta ya kufaa biashara.

Baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka mwezi Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vikasimamishwa Januari 1999. Muda huo petroli ikawa adimu na magendo yakashamiri. Tangu mwaka 2015, wafadhili walipopunguza misaada, fedha za kigeni zimekuwa haba, hata mwenye mashua ya injini husaka dumu moja la petroli ilhali mapipa ya mawese yamejaa sokoni. Serikali hutangaza bei rasmi ya petroli. Lakini bei iliyoandikwa haina nguvu pasipo dola za kulipia shehena bandarini Dar es Salaam.