Nani Anaamua Shambani?

Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alitoa ardhi huko Njoro, Kenya, ili vijana wa kizungu wafundishwe kilimo kwa vitendo. Walifundishwa kazi ya shamba kwa kuwa walitarajiwa kulimiliki. Kabla ya hapo, mwaka 1924, tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kuhimiza elimu ya kilimo kwa Waafrika, lakini wazazi wengi waliishuku: hawakupeleka mtoto shule ili arudi kwenye jembe la kumtumikia mwingine. Walikuwa na haki ya kushuku. Kazi ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa ni nani anaamua. Rais Julius Nyerere wa Tanzania aliliona hilo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga shughuli za shamba lao, lakini shule nyingi zilichukua jembe zikaacha maamuzi, na shamba likawa mahali pa adhabu. Inauma, maana kizazi kizima kilijifunza kulichukia.

Chuo cha Egerton huko Njoro, kilichokuja kuwachukua watu wa rangi zote, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1987. Kile cha Morogoro, Tanzania, kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Wapo wanaosema chuo kikuu ni mahali pa sayansi, na kulima mkulima anakujua tayari. Hoja hiyo inasahau kwamba swali gumu la sayansi huzaliwa shambani. Darasani, mahindi yaliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ni miche zaidi ya 44,000 kwa hekta. Shambani, katika shimo hili mbegu haikuota, na katika lile majani machanga yana matundu, katikati yake kinyesi cha viwavijeshi kama vumbi la mbao. Mwanafunzi anyunyizie dawa leo, na wingu linajikusanya? Asipoijua tabia ya mdudu na ya dawa, atakisia. Wengine wanaopinga mafunzo ya shambani wanataja gharama na wingi wa wanafunzi, jambo la kweli kabisa. Lakini kitalu cha mita 10 kwa 10 kinatosha kundi dogo, ilimradi wachague mbegu wenyewe, wanunue mbolea kwa bajeti waliyokabidhiwa, na mavuno, hata yakiwa debe moja, yapimwe na kuandikwa kwa majina yao.