Tarehe ya sampu: jinsi oili ilivyofungiwa mahali pake

Injini inaweza kunoki na oili imo tele. Sampu, lile beseni lililofungwa chini ya injini, katika magari mengi hubeba lita nne au tano. Pampu huinyonya oili humo na kuisukuma hadi kwenye beringi za kranki, ule mhimili mkuu wa injini, na za konrodi zinazouunganisha na pistoni, katika nafasi isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Oili ikikimbilia upande mmoja wa sampu kwa sekunde chache tu, pampu hunyonya hewa, utando wa oili hukatika, na chuma hukutana na chuma. Waliopambana na utoro huo kwa zaidi ya miaka mia moja mara nyingi walikuwa na zana mbili: mkasi wa bati na mashine ya kuchomelea.

Mwaka 1890 Albert Charles Pain, mchoraji wa mitambo katika kiwanda cha Belliss mjini Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya kusukuma oili kwa pampu hadi kwenye beringi za injini ya mvuke. Magari yalichelewa kuifuata njia hiyo. Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa zaidi ya magari milioni 15, haikuwa na pampu ya oili kabisa. Gurudumu zito la nyuma ya injini lilizunguka ndani ya oili na kuirusha juu. Bomba jembamba liliikinga na kuipeleka mbele, kisha ikarudi ikipitia vijifereji vilivyo chini ya konrodi. Konrodi zilichovya humo na kujipaka zenyewe. Dereva aliyetaka kujua kama oili inatosha aliinama chini ya gari na kufungua vikoki viwili: cha chini kikitoa oili na cha juu kisipotoa, mambo ni shwari. Ila mlima ukiwa mrefu, oili yote ilirudi nyuma, na beringi ya konrodi ya mbele ndiyo iliyoonja kiu kwanza.

Pampu ilipoenea ilitatua hilo, lakini kasi ya injini ikaleta tatizo jingine. Mwaka 1955 Chevrolet walitoa V8 ndogo ya lita 4.3, nyepesi na yenye kupenda mizunguko mingi, na vijana wa Marekani wakaipeleka mashindanoni. Piga hesabu: kranki ikienda mizunguko 7,000 kwa dakika, ncha ya uzani wake wa kusawazisha iliyo sentimita 8.5 kutoka katikati husafiri zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo huinyanyua oili kutoka kwenye sampu, na ile inayodondoka kutoka juu hunaswa ikiwa njiani. Kranki huzunguka imevaa joho la oili. Kulikokota kunakula nguvu za injini. Tena oili iliyopigwa hivyo hujaa mapovu, na mapovu yakifika kwenye beringi hayabebi mzigo.

Dawa ya kwanza ilikuwa trei ya bati iliyofungwa kati ya kranki na sampu, ili upepo usiifikie oili iliyotulia chini. Chevrolet wenyewe waliiweka kiwandani katika Camaro Z/28 ya 1967, gari lenye injini ya inchi za ujazo 302 lililotengenezwa ili lipite chini ya kikomo cha lita 5 cha mashindano ya Trans-Am.

Kwenye mbio za mstari mnyoofu, Bill Jenkins wa Pennsylvania alikwenda mbali zaidi. Huyu ndiye aliyeshinda mbio za kwanza za daraja la Pro Stock, huko Pomona, California, mwaka 1970. Miongoni mwa mambo anayosifiwa kuyaanzisha ni sampu iliyotanuliwa ubavuni, upande ule ambao kranki hurushia oili. Mantiki yake ni nyepesi: oili ikirushwa kisha ikagonga ukuta ulio karibu, hurudi kwenye kranki; ukuta ukisogezwa, oili huteremka zake chini.

Pamoja na ubavu huo kukaja kikwangulio: bati lililokatwa kufuata umbo la kranki, likafungwa pale ambapo kranki inaanza kupanda kutoka chini. Hupita karibu nayo mithili ya wembe wa kinyozi juu ya ngozi, likivua lile joho bila kugusa chuma. Kazi yenyewe inadai subira. Fundi hulifunga bati, huizungusha kranki kwa mkono pole pole mzunguko mzima, hupima upenyo wa kila uzani na kila konrodi, hufungua, hupiga tupa, hufunga tena. Upenyo unaotakiwa ni kama milimita moja hadi moja na nusu. Hauwezi kubanwa zaidi, kwa sababu injini ikichanganya kasi, kranki hupinda kidogo na konrodi hurefuka.

Kwenye kona, adui ni mwingine. Nguvu ya kona ikilingana na uzito wa gari, uso wa oili husimama nyuzi 45 na kinyonyeo cha pampu hubaki hewani. Hapo mafundi huchomelea vizuizi ndani ya sampu, pamoja na vilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuingia kwenye kinyonyeo na kuikatalia kutoka. Wenye Porsche 944 waliokwenda nazo kwenye viwanja vya mbio wanaijua vizuri beringi ya konrodi namba 2, maana ndiyo hufa kwanza.

Suluhisho la wenye fedha ni kuiondoa oili chini kabisa: pampu za ziada huifyonza hadi kwenye tangi la pembeni, jembamba na refu, ambamo mapovu hutoka. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ilikuwa hivyo, na Porsche 911 vilevile tangu mwanzo wake. Chevrolet Corvette ilifika huko na Z06 ya 2006. Tangu modeli ya 2020 kila Corvette hutoka kiwandani na mfumo huo.

Afrika Mashariki iliongeza adui wa chini. Katika Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, jiwe moja lilitosha kuitoboa sampu, na magari yakafungwa bamba zito la kuikinga.

Gari la kwenda kazini kwa kawaida halihitaji kuongezewa lolote kati ya haya, kwa kuwa halipigi kona za kuinamisha oili nyuzi 45 wala halifiki mizunguko 7,000. Hata hivyo wapo wanaojaza oili kupita alama ya juu ya kijiti kwa imani kwamba ikizidi ndiyo usalama. Oili hiyo ya ziada huifikia kranki, hupigwa, hujaa mapovu, na mwenye gari anakuwa amejitengenezea kwa hiari yake ugonjwa ambao Jenkins alikata bati kuutibu. Kipimo ni kati ya alama mbili, injini ikiwa imezimwa na gari limesimama penye usawa.